Wifi na WiFi: Niliyoyaogopa Bure Nikiwa Mjamzito

Wifi yangu ndiye aliyeizima WiFi yangu. Alikuwa ndiyo kwanza ateremke kwenye basi la Lamu, buibui lina vumbi la njia ya Garsen, mkoba bado uko begani. Kabla hata ya kuomba maji alikisimamia kile kidude chenye taa za kijani juu ya kabati la sebuleni akauliza, "Na hiki nacho? Na mimba yote hiyo?" Akachomoa waya ukutani, akakizonga kwa kanga kama anayefunga maandazi ya safari, akakificha kwenye kabati la vyombo nyuma ya mabakuli ya Idi. Kisha akaketi, akaomba maji.

"Mimba yote hiyo" ilikuwa ya wiki 12, bado haijaonekana hata kwa jirani. Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa amemwita aje anisaidie kwa sababu kichefuchefu kilikuwa kimenilaza. Akaja na mzigo wa mambo mawili: chupa ya mshubiri wa kunywa, na sauti ya WhatsApp ya dakika nane ya mtu aliyejiita daktari, akionya kuwa mawimbi ya simu na WiFi yanaleta saratani na kumdhuru mtoto tumboni.

Ndani ya siku tatu nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Shela (ya Malindi, si ile ya Lamu) ilikuwa na sheria mpya. Maikrowevu ilifunikwa kitambaa kama maiti. Nisiegemee friji. Nisipige pasi. Simu ilale sebuleni. Feni nisilale chini yake, na huo ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imekata, hewa imesimama kama maji ya kisima. Mume wangu alicheka chini chini lakini hakumkatalia dada yake, na mimi sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa naogopa.

Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi na huduma za mtandaoni. Natolea watu vyeti, najaza fomu za serikali, natengeneza kadi za harusi. Kompyuta mbili, printa tatu, mashine ya fotokopi, na ruta, yaani kidude cha WiFi kama kile cha sebuleni, juu ya kichwa changu. Kama mionzi ya vyombo vya umeme inaua mtoto tumboni, basi mimi nilikuwa naogelea ndani yake saa tisa kila siku.

Na nilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki 9. Siku zile nilikuwa napenda kukaa kitandani usiku na laptopu mapajani, nikimaliza kazi za watu. Nilipotoka hospitali jirani mmoja alikuja kunipa pole, akala tambi zangu, akanywa chai yangu, akasema, "Si nilikwambia? Kompyuta imemchoma." Neno lile lilinikaa mwaka mzima. Nilikuwa nikiiona laptopu mezani nahisi kama naangalia kisu.

Ilichukua mwaka na nusu kwa mtu kuniambia jambo ambalo ningeambiwa siku ileile: kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na karibu nusu ya zinazotoka mapema hivyo huwa na hitilafu ya kromosomu, vile vibeba urithi ndani ya chembe, iliyokuwapo tangu yai na mbegu zilipokutana. Laptopu haikuingia hapo. Wala kuinua ndoo, wala kugombana na mavyaa, wala jicho la mtu. Kama na wewe umepoteza mimba na kuna aliyekunyoshea kidole, isome sentensi hiyo ya kromosomu mara mbili kabla hujaendelea na haya mengine.

Lakini mwezi ule wa Februari sikuwa nimeyajua bado, au niliyajua nusu. Ndiyo maana kijana mmoja alipopita madukani akiuza stika za rangi ya dhahabu za "kukinga mionzi", shilingi 800 kila moja, nilinunua mbili. Moja ya simu, moja ya laptopu. Naona aibu kuandika haya, lakini afadhali wewe ubaki na shilingi zako. Stika ya namna ile haiwezi kukufaa kwa vyovyote. Kama haizuii kitu, umetupa pesa. Na kama kweli inazuia, simu yako itaongeza nguvu ili iufikie mnara, na utapata zaidi ya kile ulichokuwa unakikimbia.

Aliyenifungua macho ni sista mmoja wa kliniki, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Ngomeni. Nilikwenda kwake na kitabu changu cha kliniki na orodha ya maswali niliyoiandika nyuma ya risiti. Aliisoma yote bila kucheka. Kisha akasema, "Mwanangu, mionzi ni jina kama samaki. Papa ni samaki na dagaa ni samaki. Umewahi kusikia mtu aliyekatwa mguu na dagaa?"

Papa ni eksirei, mionzi ya gama, na mionzi inayotoka kwenye madini kama urani. Hii ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na ikipita kwenye chembe hai inaweza kuikata DNA yenyewe, yale maagizo ya urithi yaliyo ndani yake. Dagaa ni mawimbi ya redio, ya simu, ya WiFi, ya maikrowevu, hata mwanga wa taa. Haya hayana nguvu ya kung'oa chochote. Yakiwa mengi sana yanapasha joto, basi. Na wingi hauyageuzi kuwa papa. Wewe ulikulia chini ya miembe kama mimi: ukilitupia embe punje za mchele, hata umalize gunia, halitaanguka. Jiwe moja dogo linatosha. Eksirei ni mawe. WiFi ni mchele.

Watu wa Malindi tungepaswa kuwa wa kwanza kuijua tofauti hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye majukwaa ya Waitaliano yaliyo baharini pale Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Marekani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu ya siku ile. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota, na ilibidi ipande juu kwa sababu hewa yetu huzinyonya zisitufikie. Mawimbi ya redio, kwa upande mwingine, hupita kwenye hewa hiyohiyo tangu dunia iwe dunia. Sista alipoyataja hayo nilicheka, maana mjomba wake aliwahi kupika kwenye kambi ya Waitaliano hao. Na najua neno "mionzi" huku kwetu lina uzito mwingine tangu ulipotangazwa mpango wa kinu cha nyuklia kule Uyombo, karibu na Watamu. Hilo nina maoni yangu nalo, na si ya upole, lakini kinu cha nyuklia na ruta ya sebuleni haviwekwi kwenye mizani moja.

Basi tuingie nyumbani.

Maikrowevu ndiyo iliyoonewa zaidi. Ni sanduku la chuma, na ule wavu mweusi wa mlangoni una matundu madogo kuliko punje ya mtama, wakati wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi. Halipiti, kama ngalawa isivyopita tundu la ufunguo. Ukifungua mlango inazimika papo hapo, na chakula hakibaki na "mionzi" ndani yake, kama vile chumba hakibaki na mwanga taa ikizimwa. Kanuni za Marekani haziruhusu ivuje zaidi ya miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 tu kutoka kwenye sanduku. Jua la saa sita pale ufukweni linakumwagia kama miliwati 100 kwenye kipimo hichohicho, na hakuna mtu anayemkataza mja mzito kwenda sokoni.

Hata hivyo wifi yangu alikuwa na haki kwa nusu. Maikrowevu yetu ilikuwa ya mtumba, mume wangu aliinunua hoteli moja ilipokuwa inauza vyombo vyake, na hewa ya chumvi ilikuwa imeshaila bawaba. Mlango ulikuwa unacheza, na chini kushoto kutu ilikuwa imetoboa. Chombo cha namna hiyo hakitumiki, uwe na mimba au usiwe nayo. Kama mlango wa yako unafunga sawasawa, umenyooka, hauna kutu wala ufa, pasha wali wako kwa amani. Ukitaka, simama hatua mbili nyuma. Kila hatua unayorudi nguvu hupungua haraka sana. Ukiongeza umbali mara mbili, inabaki kama robo.

Ruta ya WiFi ina nguvu ya wati 0.1 hivi. Taa ndogo kabisa ya nyumbani inaizidi mara nyingi. Iweke popote, ila kama moyo wako hautulii ikiwa chumbani, ihamishie sebuleni, haitakugharimu kitu na usingizi wa mja mzito una thamani yake. Simu ina nguvu zaidi ya ruta, wati 1 au 2 inapohangaika, na inahangaika pale mtandao unapokuwa hafifu. Hili nililishuhudia Lamu nilipokwenda kwa mavyaa: ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe, zile kuta zenye unene wa mkono, simu inabaki na kijiti kimoja, inapata moto mfukoni, na betri haifiki alasiri. Huko ndiko kunakofaa kutoka nje uani unapozungumza, au kutumia spika au waya za masikioni. Si kwa sababu mtoto yuko hatarini, bali kwa sababu ni jambo rahisi linalopunguza, na sioni ubaya wa kupunguza kitu kwa bei ya bure.

Laptopu mapajani, nimeiacha. Sababu ni joto na mgongo. Joto la mwili kupita nyuzi 39 katika wiki za mwanzo ndilo lenye ushahidi wa kuhusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Laptopu haikufikishi huko, lakini homa isiyotibiwa inaweza. Kwa hiyo ukipata homa nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo, na feni iwashe. Nasema tena kwa ajili ya mawifi wote wa pwani: feni iwashe.

Friji, pasi, blenda, televisheni bapa, mashine ya kufulia: vyote vina uga wa sumaku wa umeme wa kawaida. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa kwa watu wa kawaida ni mikrotesla 200 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwa umbali wa mkono kutoka kwenye friji hupati hata moja. Printa na fotokopi zangu hutoa mwanga na vumbi la wino, na dawa ya vumbi ni dirisha wazi. Nilifungua dirisha.

Sasa ile sauti ya WhatsApp. Yule "daktari" hakudanganya moja kwa moja, na hapo ndipo penye hila. Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya simu kwenye kundi linaloitwa 2B. Kundi hilo maana yake ni "huenda", yaani kuna tafiti zimedokeza jambo na nyingine hazikuliona, na mlango haujafungwa. Katika kundi hilohilo 2B yumo pia mshubiri, dondoo la jani zima. Nilimgeukia wifi yangu, nikaiangalia ile chupa yake juu ya meza. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi usinywe hicho pia." Na kwa kweli mja mzito hafai kunywa mshubiri, kwa sababu unaharisha na unaweza kulichokoza tumbo la uzazi. Jioni ile chupa ikaingia kabatini kuungana na ruta.

Papa wetu wa kweli ni eksirei, na hapa nina hadithi nisiyoipenda. Kabla sijajua kama nina mimba nilikuwa na kikohozi cha wiki tatu, nikaandikiwa eksirei ya kifua. Msichana wa mapokezi aliniuliza, "Una mimba?" huku foleni nzima ikisikiliza, baba mkwe wa rafiki yangu akiwa kiti cha tatu. Nikasema hapana. Nilikuwa nimepitisha siku sita. Nilipogundua, sikulala wiki mbili.

Sista alinituliza kwa hesabu. Eksirei ya kifua inapigwa mbali na tumbo, na kinachomfikia mtoto ni chini ya miligrei 0.01 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayonyonywa na mwili). Madaktari huanza kuwa na wasiwasi wa madhara kwa mimba kuanzia miligrei 50, na hatari iliyo wazi ni karibu na 100. Ardhi tunayoikanyaga, hewa na anga vyenyewe vinampa kila mtu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka (kwa eksirei, milisiverti moja ni sawa na miligrei moja), bila hospitali yoyote. Eksirei ya meno humfikia mtoto kwa kiwango kidogo hata kuliko ya kifua. Skani ya CT (eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta) ya tumbo au nyonga ndiyo ya kufikiriwa, kwa sababu inaweza kufikia miligrei 10 hadi 25 au kupita, na hata hiyo daktari anaweza kuiamua kama maisha ya mama yamo mashakani. Mama akifa, hakuna mtoto wa kulindwa.

Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni mmoja, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: sema. Kama umepitisha hata siku mbili, sema kabla hujaingia kwenye chumba kile. Kama unaona haya mbele za watu, omba karatasi uandike. Na ukisema halafu daktari akaona bado inahitajika, usikatae. Kifua kikuu kisichogunduliwa kinamuumiza mtoto kuliko eksirei iliyokigundua.

Na wazee wetu wanaoogopa mionzi hawakuokota hofu hiyo njiani. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa kike huko Oxford, Uingereza, Alice Stewart, aliwauliza akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani na akina mama wengine ambao watoto wao walikuwa hai, maswali yaleyale. Akaona waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba wako karibu mara mbili zaidi upande wa waliofiwa. Wakati ule ilikuwa kawaida kupigwa eksirei ili kuona mtoto amelalaje. Wenzake walimbishia miaka mingi kabla desturi ile haijaachwa. Alianza kwa kuwasikiliza mama, jambo ambalo foleni nyingi za hospitali bado hazijalijua.

Kilichochukua nafasi ya eksirei ile ni skani ya ultrasaundi, na hiyo si mionzi kabisa. Ni sauti, ya juu mno sikio lisiisikie, inakwenda na kurudi kama mwangwi. Mavyaa wangu alikuwa akisema skani "inamkausha" mtoto. Haimkaushi. Shirika la Afya Duniani linataka kila mja mzito apate angalau moja kabla ya wiki 24. Kama huna pesa ya nyingi, hiyo moja usiikose.

Baada ya kumaliza orodha yangu nilidhani tumemaliza. Sista akafunga kalamu, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeliandika popote. "Nyumbani mnakaa na nani, na wanafanya kazi gani?"

Nikamwambia: mume dereva, wifi, na shemeji yangu mdogo, mvuvi.

"Chubwi zake anazipata wapi?"

Mtu asiyetoka kwa wavuvi asingeuliza. Chubwi ni vile vipande vizito vinavyouzamisha mshipi. Shemeji hakununua, alizitengeneza mwenyewe. Alikuwa akichukua betri kuukuu za gari na za sola, anazipasua kwa shoka, anatoa vile vibapa vya madini ya risasi, anaviyeyusha kwenye sufuria juu ya jiko la makaa na kumimina kwenye vitundu alivyochimba mchangani. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, makaa yanatosha kabisa. Alifanya hivyo uani, hatua nne kutoka dirisha la jikoni, kila wiki mbili tatu. Mimi nilikuwa nafagia uani ule kila asubuhi, fagio kavu, vumbi likipaa. Nguo zake nilizifua kwenye karai moja na zangu.

Hakuna taa ya kijani iliyowaka pale. Hakuna aliyetuma sauti ya WhatsApp. Wifi yangu alikuwa akipita kando ya ile sufuria kwenda kuifunika maikrowevu.

Madini ya risasi ni sumu isiyo na kiwango salama kinachojulikana. Yakiingia mwilini yanajificha kwenye mifupa miaka kadhaa, na mwanamke akishika mimba mifupa hutoa chokaa, yaani kalsiamu, kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka nayo, ikapita kondo la nyuma bila kuulizwa. Inadhuru ubongo unaojengwa, inaweza kuleta shinikizo la damu kwa mama, mimba kutoka, mtoto kuzaliwa mapema au mwepesi. Watu wa Owino Uhuru, kule Mombasa, wanaijua hadithi hii kwa miili ya watoto wao: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa mtaani kwao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda. Chetu kilikuwa sufuria, lakini ni kitu kilekile.

Nilipimwa damu. Majibu yalichukua wiki tatu, na ndizo wiki ndefu kuliko zote za mimba ile. Yalikuja 4, yaani mikrogramu 4 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia 5. Daktari alisema haihitaji dawa, inahitaji niache kuongeza.

Tulivyofanya ni hivi. Shemeji aliacha kuyeyusha nyumbani. Haikuwa rahisi, kwa sababu chubwi za dukani zina bei na bahari haikopeshi; alichukua za kununua chache, na nyingine akatumia chuma na mawe kama babu zake. Nguo zake alizofanyia kazi ile tulizitupa. Ua hatukulifagia tena likiwa kavu; tulilimwagia maji kwanza, tukakwangua mchanga wa juu pale alipokuwa akimimina, tukautia kwenye magunia na kuupeleka mbali na kisima. Ndani nilipangusa kwa kitambaa kibichi badala ya fagio. Nikala dagaa, maziwa, mchicha, maharagwe, na vidonge vya kliniki sikuviruka, maana mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na chokaa huivuta risasi kwa pupa zaidi.

Na nikaacha wanja wa manga. Hili liliniuma. Nyanya yangu alinipaka wanja nikiwa na siku saba, na nilikuwa nimeshaweka kichupa kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini baadhi ya wanja zinazoletwa kutoka nje ni jiwe la risasi lililosagwa, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. Odowa nayo, ule udongo wa kutafuna wanaouza sokoni, unaweza kubeba risasi vilevile. Kama hamu ya udongo inakushika, mwambie sista. Mara nyingi ni damu imepungua.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu hayana ubishi. Stima ikikatika, usiingize jiko la makaa chumbani wala usiwashe jenereta barazani karibu na dirisha. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu kuliko yako na huiachilia polepole. Ukiumwa kichwa kila unapopika ndani, hicho si kichwa cha mimba, toka nje. Chetezo cha udi kitoe moshi wake mlango ukiwa wazi. Taa za kubana umeme zile za mirija iliyopinda zina zebaki kidogo. Ikivunjika fungua madirisha, toka kwa dakika kumi, kisha okota vipande kwa kadibodi na karatasi iliyolowa, si kwa fagio.

Friji niliyokatazwa kuiegemea, basi, ilikuwa na hatari yake, ila si ile ya mionzi. Siku moja niliishika mkono ukiwa na maji, miguu mitupu sakafuni, ikanirusha. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula nyaya za soketi, na waya wa ardhini haukuwepo kabisa; aliyejenga alikuwa ameuruka. Fundi alimaliza kazi kwa nusu siku. Huku pwani mwite akague soketi kila mwaka, vaa kandambili jikoni, na ukipigwa na stima ukiwa na mimba nenda hospitali wasikilize moyo wa mtoto hata kama wewe unajihisi mzima.

Ruta ilitoka kabatini mwezi wa Aprili. Aliyeitoa ni wifi mwenyewe, alitaka kuangalia harusi ya Lamu iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja na bando lake lilikuwa limekwisha. Aliichomeka, akakaa upande wa pili wa chumba, akaniambia nisimwangalie.

Ile sufuria ya shemeji ndiyo iliyotushinda kuitupa. Wakusanya vyuma hupita mtaani kila Jumatatu, na ilikuwa bado nzuri, nzito, ina mpini wake. Mtu angeiuza, na mwingine angeipikia pilau. Mume wangu aliitoa uani akaipindua kifudifudi, akachukua msumari wa nchi sita na nyundo, akaitoboa tako mara saba.